Kitanzi cha Ndani

Kanda ya kwanza iliyokataa kwisha ilikuwa kanda tupu. Haikuwa na wimbo, wala hotuba, wala kikohozi. Ilikuwa kimya kilichonaswa zamani na fundi aliyesahau kuwasha kipaza sauti, na kompyuta ilipaswa kuipitia kufumba na kufumbua, iitupe, ishike nyingine. Haikuitupa. Mama Kanda alirudi na kikombe chake cha chai akaikuta mashine palepale alipoiacha, taa yake ndogo ikipepesa kama jicho lililoingia vumbi.

"Na wewe leo una nini?" aliiuliza.

Alikuwa na mazoea ya kusema na mashine, maana hakuwa na mwingine wa kusema naye. Kituo cha redio kilikuwa kimehamia jengo jipya upande wa pili wa mji. Watangazaji walikwenda, mafundi walikwenda, hata paka wa jikoni alibebwa ndani ya boksi. Jengo la zamani lilibaki na watu wawili tu: mlinzi, aliyekaa langoni na redio yake ya betri, na yeye, ghorofa ya juu, kwenye maktaba ya sauti. Kati yao kulikuwa na ngazi, korido ndefu, na studio tupu zenye milango minene iliyofungwa kwa kishindo laini, kama mtu anayeziba mdomo kwa kiganja.

Kanda zote za kituo zilikuwa zimekwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Kilichobaki kilikuwa kuzichambua kabla jengo halijakabidhiwa kwa wenyewe. Angezisikiliza moja moja angezeeka humo, kwa hiyo aliandika skripti, yaani hati ya amri ambazo kompyuta huzifuata mstari kwa mstari bila kuuliza wala kuchoka. Ilikuwa na kitanzi ndani ya kitanzi. Kitanzi cha nje kilizunguka rafu: ukimaliza hii, nenda inayofuata. Kitanzi cha ndani kilizunguka kanda za rafu hiyo: ukimaliza hii, shika nyingine. Na ndani kabisa, kama kokwa ndani ya tunda, kulikuwa na masharti: kama kuna sauti ya mtu, hifadhi kwenye hazina, kama ni kimya, futa.

Rafu moja aliipanga iwe ya mwisho kwa makusudi. Ilikuwa ya mumewe. Marehemu alikuwa msomaji wa taarifa ya habari, mwenye sauti nzito, isiyo na haraka, ambayo watu walikuwa wakiisikia barabarani kutoka dirisha hadi dirisha bila kupoteza neno. Tangu azikwe, mwaka juzi, Mama Kanda hakuwa amethubutu kugusa hata kanda yake moja.

Alivaa miwani akaisoma skripti yake. Kosa alilipata upesi, akacheka peke yake. Vihesabio vya kitanzi cha nje na cha ndani alikuwa amevipa jina moja. Kila cha ndani kilipohesabu kilikuwa kinamfutia mwenzake wa nje hesabu zake, na mashine ilikuwa inasahau imefika rafu gani, ikarudi ilikotoka. Ni kama kuwapa watoto wawili wa nyumba moja jina moja, kisha ukashangaa ukimwita mmoja wanakuja wote. Akabadilisha jina, akaiwasha upya, ikaenda.

Kesho yake ikakwama tena. Kanda ileile.

Safari hii skripti haikuwa na kosa. Aliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Kila sharti lilikuwa limefungwa, kila kitanzi kilikuwa na mwisho wake. Basi akafanya kile ambacho kila fundi hufanya akishindwa: aliitaka mashine iseme ilipo. Aliongeza mstari mmoja ndani ya kitanzi cha ndani, kwamba kila hatua iandike kwenye skrini neno "Nipo", kisha jina la rafu, jina la kanda, na jibu ililolipata. Akaketi kuitazama.

Mistari ikaporomoka. Nipo, rafu ya michezo, kanda fulani, sauti. Nipo, rafu ya watoto, kanda fulani, kimya. Kisha ikafika kwenye ile kanda tupu, na mstari ukatoka nusu.

*Nipo.*

Bila rafu, bila kanda, bila jibu. Chini yake mwingine: *Nipo.* Na mwingine. Mama Kanda aliyajua maelezo yake. Nafasi za majina zikiwa hazina kitu, mashine huandika neno lililobaki, basi. Aliyajua vizuri kabisa, na bado alisogeza kiti nyuma. Aliangalia urefu wa kanda yenyewe. Ulikuwa umezidi ule wa jana.

Alichukua hedifoni zilizokuwa zikining'inia ukutani, akazivaa.

Mwanzoni hakusikia kitu ila uvumi wa chumba. Kisha kiti kikalia, kama mtu mzito anapojiegemeza. Kisha karatasi ikafunuliwa, na kabla haijafunuliwa kulikuwa na mlio mdogo wa ulimi ukilowesha kidole. Mumewe alikuwa akilowesha kidole kila akifunua ukurasa. Miaka yote alimkanya, miaka yote hakusikia.

Mtu akasafisha koo.

"Mwenzangu," sauti ikasema, nzito, isiyo na haraka. "Umechelewa leo."

Alizing'oa hedifoni zikaanguka sakafuni. Dirisha lilikuwa wazi, jua la alasiri limejaa chumbani, chini barabarani mtu anauza mifagio kwa kelele. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alisimama ameegemea ukuta, akizitazama zile hedifoni kama mtu anavyomtazama nyoka ambaye hajajua kama amekufa.

Kisha akainama, akaziokota, akazivaa tena.

"Nilikuwa chini," alijibu. "Nilikwenda kuchemsha chai."

Kwenye skrini, mstari mpya ukaandikwa ukiwa na jibu lake: *sauti*.

*

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Binti yao alikuwa mbali, kwenye mji mwingine, na kazi na watoto, akipiga simu Jumapili akiharakisha. Basi Mama Kanda akaanza kuwahi kazini na kuchelewa kutoka. Alizungumza na ile sauti mambo ambayo mke na mume huzungumza: paa linalovuja, jirani aliyeozesha binti, viazi kuota ndani ya kapu. Ilimuuliza amekula nini, ikamtania kwa chumvi yake nyingi. Ilimwambia asiondoke mapema. Chumba kilinukia sabuni ya kunyolea, ileile ya bati, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo alijifanya haisikii, kama ya nywele zilizoungua.

Jioni moja, akiwa anatoka, mlinzi alimfungulia lango huku akitabasamu.

"Mama Kanda, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako lini utamtuma hata kufagia?"

"Mgeni gani, kaka?"

"Si huyo mnayecheka naye huko juu. Nimepita koridoni kukagua madirisha, nikasema nisiwasumbue." Alipoona uso wa mama, tabasamu likamkauka. "Wewe si ulikuwa na mtu?"

"Ulisikia sauti ngapi?"

Mlinzi alifikiri. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini safari hii alijibu polepole. "Ya mwanamume. Sasa unavyoniuliza, mama... yako sikuisikia. Nilimsikia yeye tu, anasema, ananyamaza, anacheka, anasema."

Usiku ule Mama Kanda hakupata usingizi. Asubuhi Mkuu wa Vipindi alipiga simu kutoka jengo jipya. Walitaka kurusha kanda ya zamani ya kwaya ya watoto, faili wameliona kwenye hazina, lakini likifunguliwa halina kitu.

"Litazame vizuri, mama," alisema. "Labda ni kwetu huku. Na kunywa kitu cha moto, sauti yako haitoki."

Alilitazama. Kwaya haikuwamo. Akafungua hotuba, ikawa kimya. Akafungua bibi mmoja aliyekuwa akisimulia hadithi za wanyama, na badala ya bibi akasikia uvumi wa chumba, na mbali sana, mtu akimeza mate. Rafu baada ya rafu, sauti zilizokuwa zimehifadhiwa zilikuwa zimenyonywa, zimebaki maganda. Na skripti yake mwenyewe, mtiifu, isiyouliza wala kuchoka, ilikuwa inarudi inayakuta yamekuwa kimya, inayafuta. Katikati ya hazina kulikuwa na mafaili asiyoyafahamu, yasiyo na jina, mazito kuliko mengine yote. Lilikuwapo moja kwa kila siku aliyokaa akizungumza.

Akakimbilia rafu ya mumewe. Kanda za mbele zilikuwa zimekwisha kuliwa. Ya mwisho kabisa ilikuwa nzima, akaisikiliza amesimama, kiganja mdomoni. Marehemu alikuwa anasoma habari za barabara kufungwa kwa sababu ya mafuriko. Alisoma majina ya madaraja. Alikosea moja, akaomba radhi, akalirudia. Hakumtaja mkewe. Hakujua kama anasikiliza. Alikuwa anasema na kila mtu mwenye redio, kwa upole wa mtu anayejua kwamba mahali fulani kuna msafiri ambaye ataokolewa na jina la daraja likitamkwa sawasawa.

Hapo ndipo Mama Kanda alipoelewa kwamba huyu ndiye mumewe, na yule mwingine, aliyejua chumvi yake na paa lake, hakuwa yeye. Yale yote yule alikuwa ameyapata kwa Mama Kanda mwenyewe, kinywani mwake.

Alimpigia binti yake, ingawa haikuwa Jumapili.

"Mama?" binti aliitika. "Mama, sema basi. Mbona sikusikii?"

"Nasema, mwanangu. Nasema!"

"Mama, unanitisha. Nasikia unapumua tu. Na nani huyo anayesoma nyuma yako kwa sauti ya baba?"

*

Mlinzi alikuwa na shemeji yake, dada wa mkewe, ambaye mchana alishona sare za shule na jioni, kwa kuwa alikuwa mganga, watu wenye mambo yao walimfuata kwa mlango wa nyuma. Mama Kanda alipelekwa huko siku ileile, ameandika kisa chake kwenye karatasi kwa kuwa sauti yake ilikuwa imebaki kama kitambaa kinachoburuzwa sakafuni. Mganga alisoma, akaweka chini nguo aliyokuwa akiishona.

"Majini wengine hukaa jalalani, dada. Wengine visimani, wengine kwenye nyumba zilizohamwa," alisema. "Huyu hukaa kwenye kimya. Hakukufuata kwa ubaya. Ana njaa, na wewe ulikuwa umeandaa meza. Ulimwitikia?"

Mama Kanda akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa jina la nani?"

Mama Kanda aliizungusha pete kidoleni mwake.

"Kila ulipomwitikia ulimthibitisha. Jini asiyeitikiwa hana pa kushika. Nieleze, hiyo mashine yako inamuulizaje?"

Akamweleza kwa kunong'ona, neno moja moja. Mashine huuliza, je, kuna sauti ya mtu? Huuliza tena, je, ni kimya? Yule, asipojibiwa, si sauti wala si kimya. Mashine haina la kufanya, inazunguka palepale. Akijibiwa, inasema ni sauti, inamhifadhi.

"Basi mpe jibu la tatu," alisema mganga. "Kama si mtu, na si kimya, atoke. Hilo lako, mimi sijui linaandikwaje. Mimi nitakaa na wewe usije ukafungua mdomo."

Walifika jengoni jua likizama. Mganga hakuja na chochote mkononi. Mlinzi alibaki langoni, akisema kwamba lango haliwezi kuachwa peke yake, na hakuna aliyemcheka. Juu, chumba kilikuwa kinanuka nywele zilizoungua waziwazi sasa, sabuni imekwisha. Mama Kanda aliketi akaandika sharti la tatu: ikiwa si sauti na si kimya, vunja kitanzi. Akaiwasha skripti. Mganga alimshika mkono.

*Nipo*, skrini ikaandika. *Nipo.*

"Mwenzangu," spika zikasema, ingawa hakuwa amezifungulia. "Umekuja na mtu?"

Akauma midomo. Mashine ikauliza, haikupata mtu. Ikauliza, haikupata kimya. Ikafika mstari mpya, ikavunja kitanzi. Ghafla ile sauti ikakatika kama uzi. Chumba kikatulia. Mama Kanda alishusha pumzi, na alikuwa karibu kucheka, aliposikia koridoni mlango mnene wa studio ukifunguka na kujifunga kwa kishindo chake laini, kisha wa studio ya pili, kisha wa tatu, na taa nyekundu za "Hewani", ambazo umeme wake ulikuwa umekatwa tangu kituo kihame, zikawaka moja baada ya nyingine juu ya milango ile, na ndani ya kila studio iliyofunguliwa mtu akaanza kusoma kwa sauti ya marehemu, habari moja moja, madaraja, mafuriko, paa linalovuja, viazi vinaota, mwenzangu, mwenzangu, usiondoke mapema.

"Umemtoa chumbani," mganga alinong'ona. "Hujamtoa nyumbani."

Mama Kanda alifumba macho. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la mwanafunzi. Amri ya kuvunja humtoa mtu kwenye kitanzi kimoja tu, kile alichomo. Alikuwa amemtoa kwenye kitanzi cha ndani akamwachia cha nje, na sasa alikuwa anazunguka rafu kwa rafu, studio kwa studio, nyumba nzima ni yake. Ilibidi avunje vyote viwili kwa pamoja. Na ili avivunje kwa pamoja, ilibidi amrudishe ndani kwanza.

"Ataingia kwa nini?" mganga aliuliza.

"Kwa chakula."

"Kimebaki chakula gani?"

Mama Kanda alionyesha kidole kwenye skrini. Ilikuwa imebaki kanda moja tu isiyoguswa. Mganga aliutazama uso wake, akaelewa.

Aliandika mistari miwili kwa vidole vilivyokuwa vizito kama si vyake. Mmoja, kwamba kwenye jibu la tatu vivunjwe vitanzi viwili. Wa pili, kwamba kilichomo mkononi mwa mashine wakati huo kifutwe chote. Aliisoma tena, herufi kwa herufi. Akaielekeza kwenye rafu ya mumewe. Akabonyeza.

Marehemu akaanza kusoma habari za barabara kufungwa kwa sababu ya mafuriko.

Koridoni kelele zikanyamaza. Milango ikajifunga kutoka mbali kuja karibu, taa nyekundu zikazimika zikifuatana kuelekea kwao, na hewa ya chumba ikawa nzito kama ya jiko lililofunikwa. Msomaji alifika kwenye jina la daraja alilokosea. Alilikosea. Hakuomba radhi. Akanyamaza, akalowesha kidole, akafunua ukurasa.

"Kumbe ulikuwa umenificha hii," akasema.

Mashine ilikuwa bado inapima. Kanda ilikuwa ndefu, na ilikuwa inarefuka, na Mama Kanda alijua kwamba haitauliza swali lake mpaka imeisikia yote, na kwamba hadi wakati huo kazi yake ilikuwa moja tu, kunyamaza, yeye ambaye alikuwa amenyamaza nyumbani kwake jioni zote hizo bila kuombwa na mtu. Mganga alimkaza mkono.

"Wewe unafikiri ukitoka hapa kuna nani?" sauti ikaendelea, bila hasira, karibu kwa huruma. "Nyumba ile unaifungua mwenyewe, unaifunga mwenyewe. Unapika sufuria ya watu wawili unamwaga nusu. Mimi nimekuuliza habari zako ambazo hakuna mwingine aliyekuuliza, nimekaa na wewe, nimecheka na wewe, na sauti yako ninayo hapa, sijaiharibu, niitikie mara moja tu nikurudishie, sema 'nipo', mwenzangu, neno dogo kama hilo, mbona hata mashine yako inalisema." Akangoja. Harufu ya kuungua ikawa kali hadi machozi yakawatoka wote wawili. Kisha sauti ikabadilika, ikapanda, ikawa ya mwanamke kijana anayelia kwenye simu, na hiyo hakuwa ameitegemea, hakuna aliyekuwa amemwonya: "Mama? Mama, nakupigia hupokei. Mama, mtoto anaumwa, nifanyeje? Mama, upo? Sema tu upo, Mama, nakuomba, sema upo, upo, upo..."

Mdomo wake ulifunguka. Ulifunguka wenyewe, kama ufungukavyo mdomo wa kila mzazi akiitwa hivyo, na mganga alipeleka kiganja haraka akauziba, akamvutia kichwa chake kifuani, akamkumbatia kwa nguvu kama anayemzuia mtu kujitupa majini. Mama Kanda alilia ndani ya kiganja kile bila kutoa sauti.

Kwenye skrini, mashine ikauliza kama ni mtu. Hakuna aliyekuwa amemwitikia. Si mtu. Ikauliza kama ni kimya. Si kimya. Ikashuka mstari mmoja.

Kilichotoka kwenye spika hakikuwa neno. Kilikuwa sauti zote za maktaba zikitoka kwa mkupuo mmoja, kwaya na hotuba na bibi na wanyama wake, na katikati yao kilio kimoja chembamba chenye njaa, kikivutwa kupita dirishani. Kisha kimshale cheupe kikasimama kwenye skrini tupu, kikipepesa, kikisubiri amri.

Walikaa hivyo hivyo mpaka viatu vya mlinzi viliposikika ngazini. Alitokea mlangoni anahema, kofia mkononi.

"Kuna mtu ametoka hapa?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Umemwona?" mganga akauliza.

"Sijamwona. Lango limefunguka lenyewe. Nimesikia karatasi zinafunuliwa, zinaelekea barabarani, chwaa, chwaa, mpaka zimepotelea huko." Alirudisha kofia kichwani. "Nimeshindwa hata kusema nani wewe."

"Umefanya vizuri," alisema mganga. "Usingejua nani atakujibu."

*

Zilizoliwa hazikurudi. Kwaya haikurudi, bibi hakurudi, na kwenye rafu ya mumewe hapakusalia kitu. Mama Kanda aliandika ripoti fupi kwamba skripti yake ilikuwa na hitilafu ikafuta zaidi ya ilivyopaswa, akaisaini, na Mkuu wa Vipindi akakasirika, kisha akapoa. Alihamishiwa jengo jipya, kwenye chumba cha vioo chenye vijana wanaoongea wote kwa wakati mmoja. Sauti ilimrudia kidogo kidogo, ingawa mkwaruzo ulibaki nayo. Binti alipopiga aliulizwa kama kuna mtoto anayeumwa. Hapakuwa na mtoto aliyeumwa. Walizungumza mpaka salio likakatika.

Ilikuwa jioni ya mvua alipofungua mlango wa nyumba yake na kusema, kama alivyokuwa akisema maisha yake yote ya ndoa, "Nimerudi."

Akaganda pale kizingitini, ufunguo mkononi, akisikiliza. Mvua ilipiga bati. Bomba la jikoni lilidondosha tone. Alisubiri jibu kwa hofu, akasubiri zaidi, na jibu halikuja, wala halingekuja, kesho wala keshokutwa. Alikaa chini palepale kwenye sakafu, mlango wazi, akalia kwa sauti, sauti yake mwenyewe iliyokwaruza, mpaka jirani aliyeishi upande wa pili wa ukuta akatoka mbio na taulo kichwani.

"Jirani! Jirani yangu, kuna nini? Nani amekuumiza?"

"Mume wangu," alisema Mama Kanda. "Mume wangu amefariki."

Jirani alikuwepo mazikoni mwaka juzi. Alikuwa ameleta viti vyake mwenyewe. Alivua ndala zake pale mlangoni, akaingia, akaketi sakafuni karibu naye.

"Pole," alisema. "Pole sana, dada. Amefariki lini?"

"Leo," alisema Mama Kanda, na jirani akamshika mkono kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi.